Posho ya Juma Zima kwa Akili Isiyotulia

Katika jamaa nyingi kuna mtu mmoja anayesikia maneno haya kila siku: «Wewe una kichwa cha namna gani?» Anaweka maharagi motoni, kisha anakumbuka nguo zilizo kwenye kamba, anatoka kuzianua, anakuta jirani, wanaongea. Harufu ya kuungua ndiyo inayomrudisha jikoni. Anapewa feza ya chakula ya juma zima siku ya posho. Siku ya pili anarudi na kitambaa kizuri, na feza imekwisha. Anaahidi kwa moyo wote kwamba juma lijalo atapanga vizuri. Anapanga kweli, siku mbili. Siku ya tatu mpango umepotea.

Wengine wanamwita mvivu. Wengine wanasema hana adabu, ao amerogwa. Lakini mtu huyu huyu, ukimpa kazi anayoipenda, anaifanya toka asubuhi mpaka usiku bila kula. Mvivu hafanyi hivyo. Basi sababu ni gani?

UGONJWA UNA JINA

Watu wa namna hii hawafanani wote, na kusahau hakutoki pahali pamoja. Malaria, njaa, huzuni, kukosa usingizi, hofu ya vita na kukimbia: yote haya yanaweza kumfanya mtu mwenye afya asahau sufuria motoni. Lakini kuna hali moja ambayo waganga wameijua tangu zamani. Mwaka wa 1902, pale London, mganga wa watoto George Still alieleza mbele ya waganga wenzake habari ya watoto wenye akili nzuri ambao hata hivyo walishindwa kutulia na kujizuia. Leo waganga wanaotumia Kifaransa wanaiandika TDAH, na wale wa Kiingereza wanaiandika ADHD. Kwa Kiswahili chetu tunaweza kusema hivi: shida ya kutuliza mawazo, pamoja na kutotulia kwa mwili na kufanya jambo bila kungoja.

Ugonjwa huu huanza utotoni. Mganga hawezi kuutaja kwa sababu ya juma moja baya. Anatafuta alama zilizoonekana mbele ya miaka 12, zilizodumu miezi 6 na zaidi, tena katika pahali zaidi ya pamoja: nyumbani na masomoni, ao nyumbani na kazini. Mara nyingi unapita katika damu ya jamaa, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Hautoki kwa malezi mabaya, wala kwa sukari. Wasichana wengi hawatambuliwi, kwa sababu wao hawaruki juu ya viti. Wanakaa kimya na mawazo yao yanakwenda mbali. Wengi wanakuwa wakubwa nao, wanaoa, wanaolewa, wanapewa ufunguo wa jiko. Hapo ndipo taabu inaanza kuonekana.

KWA NINI JIKO NDILO LINAWASHINDA

Wewe ambaye akili yako inatulia unafikiri kupika ni kazi moja. Hapana. Hesabu vizuri: kukumbuka kama unga umebaki, kuhesabu feza, kwenda soko mbele jua halijakuwa kali, kukataa vitu vizuri ambavyo haukuvijia, kuloweka maharagi jana yake, kuwasha makala, kungojea, kukumbuka kwamba unangojea. Ni kazi nane, na kila moja inataka mtu ashike jambo katika kichwa wakati macho yanaona jambo lingine. Hiyo ndiyo nguvu inayomkosa mwenye TDAH. Kazi anazijua, hata anaweza kukueleza vizuri zote nane. Lakini kujua ni jambo moja, na kukumbuka saa inayotakiwa ni jambo lingine.

Tena kwake muda uko wa namna mbili tu: sasa na si sasa. Njaa ya Ijumaa iko «si sasa». Kitambaa kiko «sasa». Ndiyo maana kumgombeza hakusaidii. Msaada wa kweli ni kutoa mambo ndani ya kichwa na kuyaweka nje, pahali macho yanayaona na mikono inayashika.

WAZEE WALIKUWA NA POSHO

Wasomaji wetu wa sehemu za migodi wanajua neno posho. Katika siku za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1906 pale Katanga, mfanyakazi alipewa posho ya unga na vyakula vingine kwa siku iliyojulikana. Desturi hiyo iliingia sana katika maisha ya Congo, hata leo katika Kilingala neno poso lina maana ya juma: toka posho mpaka posho.

Hatusemi kwamba maisha ya siku zile yalikuwa mazuri. Lakini angalia jambo moja: siku ya posho ilikuwa moja, kipimo kilikuwa kimoja, na mtu hakuhitaji kukumbuka kitu. Mpango ulikaa nje ya kichwa chake. Leo mchimbaji wa mkono anapata feza siku mfuko unapotoa, na siku nyingine hapati. Mkulima anapata wakati wa kuvuna. Kwa hiyo kila nyumba inapashwa kujitengenezea posho yake. Na nyumba yenye mtu wa akili isiyotulia inaihitaji kuliko zote.

Tuchukue mfano wa Luberizi, kwenye njia kubwa inayotoka Uvira kwenda Bukavu, kati ya Sange na Luvungi. Hapo katika bonde la Ruzizi kuna mpunga, muhogo, mahindi, maharagi, nyanya, na samaki wanafika kutoka ziwa Tanganyika. Tuone namna jamaa ya hapo inaweza kufanya, na wewe wa Kamituga, Misisi ao Kolwezi utabadilisha vyakula kadiri ya soko lako.

1. TAYARISHA VIKAVU, USIPIKE VYA JUMA ZIMA

Katika inchi za Ulaya na Marekani, watu wenye shida hii wanashauriwa kupika siku ya mungu chakula cha siku tano na kukifungia ndani ya friji. Kwetu shauri hilo linaweza kukuua. Katika joto la bonde, bila friji, chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa zaidi ya saa 2 hakijaliwa ao kuwekwa kwenye baridi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linavyofundisha. Wali ni wa hatari zaidi kuliko unavyofikiri: kuna vijidudu vinavyoishi ndani ya mchele hata ukichemka, na wali ukikaa vuguvugu vinatoa sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi.

Basi kwetu kutayarisha ni kutayarisha vitu vikavu. Jumamosi, keti na watoto, chambueni maharagi yote ya juma mara moja. Yapimeni kwa kopo lile lile, kipimo cha siku moja katika mfuko mmoja. Ndagala wakavu vivyo hivyo, na mchele, na chumvi. Mwishoni una mifuko ya siku, imepangwa kwa mstari ndani ya kikapu kimoja chenye kifuniko, mbali na panya. Asubuhi hauulizi «leo tutakula nini?» Unachukua mfuko wa mbele. Maharagi tu ndiyo yanataka jambo moja zaidi: mfuko wake unafunguliwa jana yake jioni, unalowekwa. Weka sufuria ya kulowekea juu ya mkeka wa kulalia. Hautalala bila kuiondoa, na ukiiondoa utakumbuka. Asubuhi mwaga maji yale, pika na maji mapya; yataiva upesi na makala itapona.

2. CHAGUA VYAKULA VICHACHE, VIRUDIE

Kuchagua kunachosha kichwa. Fanya juma liwe na sura ile ile. Kwa mfano: siku ya kwanza na ya ine, maharagi, ya pili na ya tano, ndagala na nyanya, ya tatu, sombe, siku ya posho, lengalenga, siku ya mungu, kila mtu aseme anachopenda. Ugali ao wali ukae kando ya kila kimoja. Andika kwa kipande cha makala juu ya ukuta wa jiko, herufi kubwa.

Vijana watasema: «Mama, kila juma ile ile?» Ndiyo. Ni afazali kula ile ile kuliko kulala njaa Ijumaa. Lakini sikilizeni jambo hili: mwenye TDAH anachoka upesi na kitu kisicho kipya. Ndiyo maana siku moja inaachwa wazi. Siku hiyo moja ndiyo inachunga zile sita.

3. JIFUNZE MWEZI

Wavuvi wa Tanganyika wanavua ndagala usiku kwa taa, kwa sababu samaki wanafuata mwangaza. Mwezi ukiwa mzima, taa hazina nguvu, na kwa siku kadhaa mitumbwi mingi inapumzika. Samaki wanakuwa wachache sokoni na bei inapanda. Mwenye kusahau tarehe hawezi kusahau mwezi, maana unaonekana juu ya nyumba yake. Ukiona mwezi umefika nusu na unaendelea kukua, nunua ndagala wakavu wa siku kumi. Ni kalenda ya bure, haipotei kitandani.

4. FEZA IGAWANYWE SIKU ILE ILE

Feza nzima katika mkono wa mtu asiyeweza kungoja haifiki jioni. Igawanye mbele haijazoea mfuko wako. Tuseme jamaa ina franka 50 000 kwa chakula cha juma; ni mfano tu, weka hesabu yako. Franka 30 000 zinunue vitu vikavu siku ile ile, papo hapo sokoni. Franka 6 000 ni za makala, nazo zitumike siku ile ile. Zinabaki 14 000 za mboga na vitu vibichi: zifunge katika karatasi saba, 2 000 kila moja, na uzitie ndani ya mifuko ile ya siku pamoja na maharagi. Ukifungua mfuko wa Jumatano ndipo unaona feza ya Jumatano.

Kwa mchimbaji ambaye feza yake haina siku, sheria ni moja: siku feza inaingia, unga na maharagi vinaingia nyumbani mbele ya kitu kingine chote. Ikiwa feza iko ndani ya simu, itume kwanza kwa yule anayenunua, kisha toka.

5. KIKAPU CHA MOTO

Hiki ni chombo kilichotengenezwa kama kwa ajili ya wenye kusahau. Chukua kikapu kikubwa ao karatoni. Kishindilie pande zote blanketi za zamani, majani makavu ya ndizi ao nguo zilizochakaa, ukiacha shimo la sufuria katikati. Tengeneza mto wa kufunika juu.

Maharagi yaliyolowekwa, yachemshe kwa nguvu dakika 20 bila kuondoka kando ya mbabula. Usipunguze dakika hizo, kwa sababu maharagi mekundu mabichi yana sumu ambayo ni mchemko mkali tu unaiondoa. Kisha funika sufuria vizuri, iingize katika kikapu, weka mto juu. Moto uliomo ndani unaendelea kupika saa tatu ao ine. Mchele unataka dakika 5 tu motoni, kisha saa moja kikapuni. Mbele ya kula, chemsha tena kidogo.

Umeona faida? Makala inapungua sana. Na ukisahau, ukaenda kuongea na jirani, hakuna kinachoungua. Lakini sombe haiingii huko ingali mbichi: majani ya muhogo yanatwangwa, yanachemshwa kwanza motoni bila kifuniko mpaka sumu yake itoke na mvuke. Wala kikapu si friji. Chakula kisilale ndani yake usiku.

6. MUHOGO HAUTAKI HARAKA

Hapa tunaomba usome polepole. Mambo mengine yote tuliyosema, ukikosea, jamaa inalala njaa siku moja. Hili likikosewa, mtoto anaweza kukosa miguu yake kwa maisha yote.

Muhogo mchungu una sumu ndani. Kuloweka siku 3 ao 4, kisha kuanika vizuri juani, kunaitoa. Lakini kuloweka ni kazi ya kungoja, na njaa ao deni ao akili isiyotulia inamsukuma mtu autoe siku ya kwanza ao ya pili. Jamaa ikikula unga wa namna hiyo majuma mengi, tena bila samaki wala maharagi ya kutosha, inaweza kuja konzo: miguu inakakamaa gafula, mtu anatembea kwa ncha za vidole ao hatembei tena. Watoto na mama wanaozaa ndio wanaopatwa zaidi, na miguu haiponi. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Kwango, maana yake ni miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliandika habari yake mwaka wa 1938. Wala si habari ya mbali: mwaka wa 2011 wachunguzi walitangaza konzo katika Kivu ya Kusini yetu, kule Burhinyi, wilaya ya Mwenga.

Basi usiweke hesabu ya siku hizo katika kichwa. Siku unapotia muhogo majini, funga kamba kwenye chombo na mafundo manne. Kila asubuhi mtoto mmoja, yeye peke yake mwenye kazi hiyo, anafungua fundo moja. Fundo likingali, muhogo hautoki. Hata mgeni akifika nyumbani ataelewa.

Na kama unga umenunuliwa sokoni na haujui ulilowekwa namna gani, kuna njia nyingine, iliyofundishwa na wachunguzi wa Australia na kujaribiwa kule Popokabaka katika Kwango: changanya unga na maji mpaka ulowe wote, utandaze juu ya kitambaa ao sinia, usizidi unene wa sentimeta moja, uache saa 2 juani ao saa 5 kivulini. Sumu inatoka na hewa. Kisha songa ugali siku ile ile. Njia hii inaongezwa juu ya kuloweka. Haichukui pahali pake.

MPANGO UTAVUNJIKA

Ndiyo, utavunjika. Juma la tatu ao la ine, Jumamosi itapita bila kupima kitu. Mtu wa akili isiyotulia anapokosa mara moja anasema moyoni: «Naliijua mimi, siwezi kitu,» na anaacha yote. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko kusahau kwenyewe. Wazee wanasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usingoje Jumamosi nyingine wala mwanzo wa mwezi. Ikiwa umekumbuka Jumanne saa kumi, pima mifuko ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mitatu tu. Kudumu hakuna maana ya kutoanguka. Maana yake ni kurudia upesi.

Kwa hiyo weka kando chakula cha kuanguka: mfuko mmoja wa unga, ndagala kidogo na chumvi, ambao hauguswi isipokuwa siku mpango umekufa. Siku hiyo jamaa itakula bila ugomvi.

Tena usianze na mambo sita yote. Chagua moja. Likishika majuma matatu, ongeza la pili.

NENO KWA JAMAA

Baba, ukikuta maharagi yameungua, matusi hayatayafanya yawe mabichi tena. Na wewe unaweza kukaa kando ya mbabula dakika 20. Mama mkwe, binti huyu hakukudharau alipoacha muhogo wako majini, mfungie mafundo. Watoto, kumkumbusha mama si kumkosea heshima, mukifanya kwa upole: «Mama, fundo ya leo tumefungua.» Na wewe mwenye shida hii, usifanye mafichoni. Chukua mwenzako wa Jumamosi: dada, shoga, jirani wa kikundi chenu. Pimeni pamoja, leo kwako, juma lijalo kwake. Akili isiyotulia inatulia zaidi wakati mtu mwingine anafanya kazi ile ile kando yake.

Ikiwa shida ni kubwa, mtoto anashindwa masomo, ao mtu mkubwa anapoteza kila kazi, usitafute dawa sokoni. Dawa ziko, lakini ni za mganga kuzipima na kuzifuata. Anza na kituo cha afya, uondoe kwanza malaria, upungufu wa damu na magonjwa mengine. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, kinachotunzwa na Frères de la Charité, kinachoshugulikia magonjwa ya akili. Kwenda huko si haya, kama vile si haya kupeleka jicho kwa mganga wa macho.

Jumamosi hii, ndugu msomaji, tafuta kopo moja na mifuko mitatu. Mitatu inatosha kuanza.